Sura ya Tano: Mtu Nyuma ya Mlango

Mlango ulikuwa wa choo, wa mbao. Mwaka 2014 ulisimamishwa ndani ya ukumbi wa Mahakama Kuu mjini Pretoria, ukiwa na matundu manne ya risasi na ubao uliopasuliwa kwa gongo la kriketi. Mtaalamu wa polisi alipiga magoti mbele yake, gongo mkononi, kuonyesha kimo cha aliyeupiga. Nyuma ya mlango huo, usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, alikuwamo Reeva Steenkamp, mwanamitindo wa miaka 29 mwenye shahada ya sheria. Upande wa pili alikuwa mpenzi wake, Oscar Pistorius, na bastola ya milimita 9. Risasi nne zilipenya. Tatu zilimpata Reeva: nyongani, mkononi na kichwani.

Hakuna aliyebisha kwamba Oscar ndiye aliyezifyatua. Kesi nyingi za mauaji huhangaika kumtafuta aliyeua. Hapa muuaji alijulikana kabla jua halijachomoza, na yeye ndiye aliyepiga simu kuomba msaada. Kilichobaki kutafutwa ni kile kilichokuwa kichwani mwake kwa sekunde chache, usiku, gizani. Mawazo ya mtu hayaletwi mahakamani kama kielelezo na kubandikwa namba. Hakimu huyapata kwa kuyasoma katika vitu vingine: umbo la jeraha, saa iliyorekodiwa kwenye simu, maneno ya jirani aliyeamka usingizini, na maelezo ya mshtakiwa mwenyewe.

Dunia ilijigawa makundi mawili haraka sana. Wengine walisema alijua ni Reeva na akamuua kwa hasira baada ya ugomvi. Wengine walisema alidhani ni mwizi. Kwa miaka mitatu magazeti, redio na vijiwe vya kahawa vilishindana juu ya swali hilo. Ninaamini kwamba swali hilo, pamoja na uzito wake wote wa kibinadamu, liliwapotosha watu, na kwa muda lilimpotosha hata jaji. Pistorius hatimaye alitiwa hatiani kwa kosa la mauaji bila mahakama yoyote kusema kwamba alijua nani yuko ndani ya choo kile. Ni muhimu kuelewa hilo liliwezekanaje, maana ndani yake mna somo kubwa kuhusu maana ya kuthibitisha kosa.

Umaarufu wake ulikuwa wa aina ya pekee. Alizaliwa bila mfupa mmoja katika kila mguu chini ya goti, na alipokuwa na miezi 11 miguu yote miwili ilikatwa. Alikua akikimbia kwa miguu bandia ya nyuzi za kaboni, akapigania haki ya kushindana na wasio na ulemavu, akaishinda kesi hiyo mwaka 2008, na mwaka 2012 jijini London akafika nusu fainali ya mita 400 katika Michezo ya Olimpiki. Hakuna aliyekatwa miguu yote miwili aliyewahi kukimbia katika Olimpiki kabla yake. Watoto walibandika picha zake ukutani. Kwa hiyo kesi ilipoanza tarehe 3 Machi 2014, ilirushwa moja kwa moja, na Afrika Kusini ilifunguliwa chaneli maalumu ya televisheni kwa ajili yake tu. Kila mwenye kiti mbele ya televisheni akawa jaji.

Jaji halisi alikuwa Thokozile Masipa, mama aliyekulia Soweto, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari kabla ya kusomea sheria. Afrika Kusini iliacha kutumia baraza la raia la kuamua kesi tangu 1969, hivyo uamuzi ulikuwa wake pamoja na washauri wawili waliokaa kando yake. Msomaji wa Tanzania atawakumbuka wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na majaji wetu katika kesi za mauaji kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba kwetu maoni yao hayakumfunga jaji, lakini kule Pretoria, katika kuamua ukweli wa mambo, kura ya mshauri ilikuwa sawa na ya jaji.

Upande wa mashtaka, ukiongozwa na Gerrie Nel, ulisimulia hivi: wawili hao waligombana, Reeva akakimbilia chooni na kujifungia, Oscar akamfuata na kumpiga risasi. Oscar alisimulia mengine. Aliamka, akaenda kuchukua feni karibu na mlango wa roshani, akasikia dirisha la bafuni likifunguliwa, akachukua bastola, akatembea kwa vigutu vyake bila miguu bandia hadi bafuni, akasikia sauti kutoka chooni, akafyatua. Aliporudi kitandani hakumkuta Reeva. Hapo akavaa miguu, akachukua gongo la kriketi na kuuvunja mlango.

Ushahidi uliowagusa watu zaidi ulikuwa wa masikio. Majirani kadhaa, mmoja akiwa umbali wa mita zipatazo 177, waliapa kwamba walisikia mwanamke akipiga mayowe ya kutisha, kisha milio kama ya bunduki. Hebu fikiri uzito wake. Kama Reeva alikuwa akipiga mayowe kabla ya risasi, basi mtu aliyekuwa mita chache kutoka kwake alimsikia na kumjua. Kesi yote ingeishia hapo. Mashahidi wale hawakuwa na sababu ya kusema uongo, na wengi tuliowaona tuliwaamini.

Lakini majirani wengine walisikia milio mara mbili, kundi moja halafu jingine baada ya dakika chache. Mlango wenyewe ulieleza mpangilio wake: ufa uliosababishwa na gongo ulipita katika tundu la risasi, ishara kwamba risasi zilitangulia na gongo likafuata. Sasa weka rekodi za simu mezani. Jirani mmoja alipiga simu kwa walinzi saa 9:16 usiku, na milio ya pili ikasikika mara tu baada ya hapo, karibu saa 9:17. Oscar alimpigia msimamizi wa makazi saa 9:19. Jaji Masipa alipanga dakika hizo moja baada ya nyingine, akafikia kwamba risasi zilifyatuliwa kati ya saa 9:12 na 9:14, na kwamba milio ya saa 9:17 ilikuwa ya gongo.

Hapo ndipo mayowe yalipogeuka. Daktari aliyeichunguza maiti alieleza ukubwa wa jeraha la kichwani. Mtu aliyepata jeraha lile asingeweza kupiga mayowe. Kwa hiyo mayowe yaliyosikika kati ya kundi la kwanza la milio na la pili hayakuweza kuwa ya Reeva. Yalikuwa ya Oscar mwenyewe, na majirani wa nyumba za jirani kabisa, waliokuwa karibu kuliko wote, walisema walisikia mwanamume akilia. Jaji hakusema kwamba mashahidi wa mbali ni waongo. Alisema walikuwa wakweli na walikosea. Simu haina hofu wala usingizi wala haisomi magazeti kabla ya kuja kutoa ushahidi.

Sehemu hii ya hukumu yake nadhani ilipewa heshima ndogo kuliko ilivyostahili. Ilihitaji ujasiri kumwambia shahidi mwenye nia njema, mbele ya dunia nzima, kwamba masikio yake yamemdanganya.

Ushahidi mwingine aliuweka kando kwa haraka zaidi, na ninaona alifanya vyema. Kulikuwa na ujumbe wa WhatsApp wa Januari 2013 ambamo Reeva alimwandikia Oscar kwamba wakati mwingine anamwogopa. Ukiusoma ukijua yaliyotokea wiki chache baadaye, moyo unakwenda mbio. Lakini ulikuwa miongoni mwa ujumbe zaidi ya 1,700, karibu wote wa mapenzi, na jaji alisema mahusiano hupanda na kushuka, hivyo hauwezi kuthibitisha kilichotokea usiku mmoja. Kulikuwa na chakula tumboni mwa marehemu, kilichodokeza kwamba alikula saa chache tu kabla ya kufa, wakati Oscar alisema walikuwa wamelala muda mrefu. Nacho kikaonekana hakitoshi. Polisi nao walikuwa wameharibu mambo yao. Saa ya thamani ilipotea katika eneo la tukio, na mpelelezi mkuu aliondolewa baada ya kubainika kwamba yeye mwenyewe anakabiliwa na mashtaka ya kujaribu kuua. Katika kesi ya dhamana waendesha mashtaka walidai kwamba Oscar alivaa kwanza miguu bandia, jambo ambalo lingeonyesha alijiandaa. Baadaye mtaalamu wao wenyewe wa silaha alionyesha kwa pembe za risasi kwamba alikuwa amesimama kwa vigutu.

Kisha Oscar akapanda kizimbani, akabanwa na Nel kwa siku kadhaa. Alikuwa shahidi mbaya. Alijichanganya, alikwepa, alijipinga. Mara alisema alifyatua kwa sababu aliogopa kwamba anashambuliwa. Mara alisema hakukusudia kufyatua kabisa, bastola ililia kabla hajafikiri. Hayo mawili hayakai nyumba moja: anayejitetea huwa ameamua kupiga, na aliyefyatua bila kujua hakuamua lolote.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mitaani hilo linatosha kumhukumu mtu. Mahakamani halitoshi. Mtu anaweza kudanganya kwa aibu, kwa hofu, au kwa ushauri mbaya, huku jambo analoshtakiwa hakulifanya. Jaji Masipa alilisema hili waziwazi. Uongo wa mshtakiwa hauzibi pengo la upande wa mashtaka. Kanuni ya Afrika Kusini kuhusu ushahidi wa mazingira, iliyotokana na rufaa ya mwaka 1939 iitwayo Blom, inadai mambo mawili: dhana unayoijenga ikubaliane na kila jambo lililothibitishwa, na mambo hayo yafunge mlango kwa kila dhana nyingine yenye mantiki. Kwetu Afrika Mashariki jambo hilohilo liliwekwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1958 katika shauri la Simoni Musoke kutoka Uganda, nalo bado linanukuliwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Kwa kipimo hicho, dhana kwamba Oscar alijua ni Reeva haikufika. Shaka ya msingi ilibaki, na mwenye kunufaika na shaka ni mshtakiwa, hata awe mtu tunayemchukia.

Hadi hapo ninamfuata jaji kwa moyo wote. Tarehe 11 Septemba 2014 alipokuwa akisoma hukumu, alichukua hatua moja zaidi, na hapo ndipo mguu ulipoteleza.

Sheria ya Afrika Kusini inatambua hasa nia ya kuua ya aina mbili. Ya kwanza ni ile tunayoijua wote: mtu anataka fulani afe, anamuua. Ya pili wanasheria wa kule huiita kwa Kilatini dolus eventualis: mtu anaona kwamba kitendo chake kinaweza kuua, anaikubali hatari hiyo, anaendelea. Aina hii ya pili nayo ni mauaji kamili. Jaji alijiuliza kama Oscar aliona kwamba risasi zake zingeweza kuua. Akajibu hapana, kwa sababu Oscar aliamini Reeva yuko kitandani. Akamwondolea kosa la mauaji, akamtia hatiani kwa kuua kwa uzembe, kosa linalokaribiana na lile tunaloliita kuua bila kukusudia.

Rudia jibu hilo polepole. Aliulizwa kama mshtakiwa aliona kwamba mtu aliye chooni angeweza kufa. Jibu likawa kwamba mshtakiwa alidhani Reeva hayuko chooni. Majibu hayo ni ya maswali mawili tofauti. Kama Oscar aliamini kuna mwizi mle, basi aliamini kuna mtu. Mwizi ni mtu. Ana mama, ana damu, anakufa akipigwa risasi. Choo kilikuwa chumba kidogo kisicho na pa kujificha, na aliyefyatua alifyatua mara nne, kwa risasi za aina inayotanuka ikiingia mwilini, kutoka kwa bastola aliyokuwa na ujuzi wa kuitumia. Alikuwa amefanya mtihani wa kumiliki silaha, unaomtaka mwombaji aeleze ni lini inaruhusiwa kumpiga mtu risasi. Na mwenyewe alisema kizimbani kwamba hakupiga risasi ya onyo upande wa bafu kwa kuhofia isirudi na kumpata. Mtu anayehesabu risasi itadunda wapi anajua risasi inafanya nini mwilini.

Upande wa mashtaka hauwezi kukata rufaa kule dhidi ya namna jaji alivyoamini mashahidi. Kuhusu hatia, unaweza kukata rufaa juu ya hoja ya kisheria tu. Kizuizi hiki, ambacho wengi walikiona kama pingu, ndicho kilichoisafisha kesi. Majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Rufaa mjini Bloemfontein hawakuruhusiwa kurudi kwenye mayowe, WhatsApp wala chakula tumboni. Walilazimika kuchukua ukweli kama jaji alivyoukuta: Oscar hakuthibitika kujua kwamba ni Reeva. Swali lililobaki mbele yao lilikuwa jembamba, na kwa wembamba wake likawa safi.

Tarehe 3 Desemba 2015 Jaji Eric Leach alisoma uamuzi wa wote watano. Alisema utambulisho wa anayekufa haubadilishi nia ya anayeua, akatoa mfano wa mtu anayelipua bomu mahali penye umati: hamjui hata mmoja kati ya watakaokufa, lakini nia ya kuwaua anayo. Kwa hiyo kuuliza kama Oscar alidhani ni Reeva au mwizi ni kuuliza swali lisilo na kazi katika kosa hilo. Aliongeza kwamba jaji wa kwanza aliacha nje baadhi ya ushahidi wa mazingira, hasa ule wa mtaalamu wa silaha, ulioonyesha jinsi risasi zilivyokijaza chumba kile kidogo. Kuhusu kujitetea, mahakama ilisema Oscar alikuwa ametoa maelezo mengi kiasi kwamba haijulikani yapi ndiyo yake, na kwamba hakuwa hata na msingi wa kuamini kwamba maisha yake yako hatarini: hakumwona mtu, hakujua kama ana silaha, hakupiga risasi ya onyo. Hukumu ya kuua kwa uzembe ikafutwa, ikawekwa ya mauaji.

Kitu ninachokiona cha ajabu, na ninakisema kwa uzito, ni kwamba kesi iliyomtia hatiani ilijengwa kwa maelezo yake mwenyewe. Nel alitumia siku nyingi kuthibitisha kwamba maelezo hayo ni uongo. Hakuhitaji. Hata tukiyakubali yote, kuanzia dirisha hadi feni na hofu ya mwizi, bado yanamweleza mtu aliyepiga risasi nne kuelekea kwa binadamu aliyejifungia ndani ya kijichumba. Ukiyachukua kama yalivyo, yanatosha.

Jambo hili si geni katika sheria zetu. Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 206 cha Kenya, vinasema nia ovu inakuwapo pia pale mtu anapojua kwamba kitendo chake yaelekea kitaua au kumdhuru vibaya mtu, na vinaongeza waziwazi kwamba haijalishi kama mtu huyo ndiye aliyekufa au siye. Kipimo cha Afrika Kusini kinatofautiana kidogo katika kiwango cha kuona hatari, lakini moyo wake ni uleule. Ninakitaja kwa sababu mijini kwetu, penye kuta ndefu na walinzi, wapo wanaoamini kwamba neno "mwizi" linafungua ruhusa ya kuua. Wengi waliomtetea Pistorius, hata Afrika Mashariki, walisema: mtu yeyote angefanya hivyo akisikia sauti usiku. Na wanaopigwa mawe mitaani kwa kelele za "mwizi!" wanauawa kwa fikra hiyohiyo.

Adhabu ikawa na vita vyake. Awali Jaji Masipa alikuwa amempa miaka mitano, na Oscar alitoka baada ya mwaka mmoja hivi kwenda kutumikia kifungo cha nyumbani. Baada ya kosa kubadilika kuwa mauaji, ambalo adhabu yake ya chini ni miaka 15 isipokuwa kuwe na sababu nzito, shauri lilirudi kwake. Juni 2016 wakili Barry Roux alimwomba mteja wake avue miguu bandia na kutembea kwa vigutu mbele ya mahakama, ili wote waone udhaifu wa mtu aliyesimama bafuni usiku ule. Ilikuwa vigumu kutazama. Julai 6 jaji alimpa miaka sita, akiamini amejuta kweli.

Novemba 2017 Mahakama ya Juu ya Rufaa iliiona adhabu hiyo kuwa ndogo kupita kiasi, hadi kulidharau kosa lenyewe, ikaipandisha. Ilipoondoa muda aliokwisha kutumikia, ikabaki miaka 13 na miezi mitano. Hapa ushahidi ulirudi kupimwa kwa njia nyingine. Mahakama ilisema Pistorius hajawahi kueleza kwa ukweli kwa nini alifyatua, na anayeficha sababu hawezi kusemwa amejuta, maana majuto yanaanza na kukiri kile hasa ulichokifanya. Uongo ambao kwenye hatia haukutosha kumfunga, kwenye adhabu ulimgharimu miaka.

Alitoka gerezani kwa masharti tarehe 5 Januari 2024. Hukumu iliyobaki kwenye rekodi ni ya mauaji ya Reeva Steenkamp. Kama alimjua alipofyatua, hakuna mahakama iliyoamua, na hakuna iliyohitaji kuamua.